Utambulisho wa kidijitali kwa blokucheni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yeyote anayetakiwa kujithibitisha mtandaoni: mwombaji wa kazi, mteja wa benki, mwanafunzi, au ofisa anayefikiria kununulia taasisi yake mfumo mpya. Maswali yanaanzia kwenye msingi, lakini ukiwa na haraka nenda moja kwa moja kwenye lile la kupoteza simu. Hilo ndilo linalowaumiza watu wengi.

Utambulisho wa kidijitali unaotumia blokucheni ni kitu gani?

Ni njia ya kuthibitisha jambo fulani kukuhusu, iwe umri, shahada, leseni au uraia, bila anayekuhakiki kumpigia simu aliyekupa hati wala kubaki na nakala yake. Taasisi iliyokupa hati huitia saini ya kidijitali. Wewe unaitunza kwenye pochi, yaani programu ya kutunzia hati iliyo ndani ya simu yako. Saini hutiwa kwa ufunguo wa siri, msimbo ambao mwenyewe pekee ndiye anao. Anayetaka kuihakiki hukagua saini hiyo kwa kutumia ufunguo wa umma wa taasisi husika, yaani msimbo wa pili unaolingana na ule wa siri na ulio wazi kwa wote. Kazi ya blokucheni ni kutunza funguo hizo za umma mahali ambapo hakuna mtu mmoja anayeweza kuzibadilisha kimyakimya.

Blokucheni yenyewe ni daftari la kumbukumbu lenye nakala katika kompyuta nyingi. Kila fungu la kumbukumbu hubeba alama ya fungu lililotangulia, kwa hiyo ukilichezea la zamani, yote yanayofuata huacha kulingana nalo na kila mwenye nakala anaona. Mtandao wa Bitcoin ulioanza Januari 2009 ulibuniwa kwa ajili ya pesa. Wazo la kutumia teknolojia hiyo kwa utambulisho lilishika kasi baadaye, hasa baada ya Christopher Allen kuandika mwaka 2016 kanuni 10 za utambulisho unaomilikiwa na mtu mwenyewe.

Mbona jambo hili linazungumzwa sana sasa hivi?

Kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba hifadhidata za pamoja zimevuja mara nyingi mno. Mwaka 2017 taarifa za watu wapatao milioni 147 ziliibiwa kutoka Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza rekodi za mikopo. Zilikuwemo namba za hifadhi ya jamii, namba ambazo mtu hukaa nazo maisha yake yote. Nywila ikivuja unaibadilisha jioni hiyohiyo. Tarehe yako ya kuzaliwa haibadiliki. Kila huduma inayokuomba utume picha ya kitambulisho chako inaongeza sehemu nyingine moja ambako wizi wa namna hiyo unaweza kutokea.

Ya pili ni akili unde. Zamani uso na sauti vilitosha. Mwaka 2024 kampuni ya uhandisi ya Arup ilithibitisha kwamba mfanyakazi wake wa Hong Kong alidanganywa kwa mkutano wa video uliojaa sura za kughushi za wakubwa wake, akahamisha takriban dola milioni 25. Macho na masikio hayatoshi tena kuthibitisha nani yuko upande wa pili. Saini ya kidijitali haijali sura yako. Inachojua ni kama unao ufunguo au huna.

Viwango navyo vimekomaa. Shirika la W3C, linaloratibu viwango vya wavuti, lilipitisha kiwango cha hati zinazohakikika mwaka 2019, na Julai 2022 likapitisha kile cha vitambulishi visivyotegemea kituo kimoja, maarufu kama DID, yaani anwani zinazoonyesha ufunguo wa umma wa mtu au taasisi unapatikana wapi. Bila viwango vya pamoja, pochi ya kampuni moja isingeweza kusomwa na mhakiki wa kampuni nyingine.

Je, jina langu, picha na alama za vidole vinaandikwa kwenye blokucheni?

Haifai kabisa. Mfumo wowote unaofanya hivyo umejengwa vibaya, na nasema hivyo bila kusita.

Sababu iko wazi: kinachoandikwa kwenye blokucheni hakifutiki. Sifa hiyo ni nzuri kwa ufunguo wa chuo kikuu na ni balaa kwa taarifa za mtu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018, inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe katika mazingira fulani. Utazifutaje zikiwa kwenye maelfu ya kompyuta zilizobuniwa zisifute?

Wauzaji wengine hujibu kwamba wao hawaandiki taarifa zenyewe, wanaandika heshi tu. Heshi ni alama fupi inayotokana na kupitisha data kwenye kanuni ya hisabati. Ukipitisha herufi abc kwenye kanuni ya SHA-256 unapata alama 64 zinazoanza na ba7816bf. Ongeza herufi d tu, ziwe abcd, na jibu linaanza na 88d4266f, halifanani hata kidogo. Huwezi kuigeuza heshi ukarudi kwenye maneno ya mwanzo, na hapo ndipo wengi wanapotulia.

Wasitulie. Chukua namba ya simu yenye tarakimu tisa zinazobadilika. Namba zote zinazowezekana ni bilioni moja. Mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kukokotoa heshi za zote ndani ya dakika chache, kisha akatafuta ipi inalingana na iliyoko kwenye blokucheni. Hajaigeuza heshi, amekisia mpaka akapata. Tarehe ya kuzaliwa ni rahisi zaidi, na namba ya kitambulisho cha taifa mara nyingi ina mpangilio unaojulikana. Ndiyo maana wajenzi makini huchanganya data na namba ndefu ya nasibu kabla ya kutengeneza heshi, na walio makini zaidi hawaweki chochote cha mtu binafsi humo, hata heshi. Mimi niko upande wa hawa wa mwisho.

Basi uhakiki unafanyikaje, hatua kwa hatua?

Chukua mhitimu anayeomba kazi. Chuo kimeshampa shahada ya kidijitali, iko kwenye pochi yake. Mwajiri anaonyesha msimbo wa QR kwenye tovuti yake. Mhitimu anauskani kwa simu, na pochi inamwambia: fulani anaomba jina lako, aina ya shahada na mwaka wa kuhitimu. Akikubali, anafungua kwa namba ya siri au alama ya kidole.

Ombi la mwajiri hubeba pia namba ya nasibu inayotumika mara moja tu. Pochi inaitia saini namba hiyo kwa ufunguo wa siri wa mhitimu. Bila hatua hii, mtu aliyenasa hati ya jana angeweza kuituma tena leo kama yake.

Kompyuta ya mwajiri inakagua mambo matatu. Je, saini ya chuo ni halali? Inachukua kitambulishi cha chuo kilichomo ndani ya hati, inakwenda kwenye blokucheni kusoma ufunguo wa umma wa chuo, na kulinganisha. Je, anayeleta hati ndiye aliyepewa? Inakagua saini ya ile namba ya nasibu. Na je, hati haijabatilishwa?

Hapa kwenye kubatilisha pana ufundi ambao watu huupita haraka. Mwajiri angemuuliza chuo kuhusu mhitimu huyu moja kwa moja, chuo kingejua kila kazi anayoomba. Kwa hiyo chuo huchapisha orodha ndefu ya sifuri na moja, ambamo kila hati ina nafasi yake. Moja ikimaanisha hati imebatilishwa, sifuri inamaanisha ni hai. Kiwango cha W3C kinataka orodha iwe na nafasi zisizopungua 131,072. Mwajiri anapakua orodha nzima na kuangalia nafasi moja tu, na chuo hakijui ni ipi aliyoiangalia. Orodha ikibanwa ni faili dogo, halimchoshi mtu. Yote haya huchukua sekunde chache, na hakuna aliyepiga simu kwa msajili.

Ikiwa anayenihakiki anataka kujua tu kama nimetimiza umri?

Basi aambiwe hilo tu. Kitambulisho cha plastiki kinamwonyesha kila mtu kila kitu: jina kamili, tarehe, namba, wakati mwingine hata makazi. Hati ya kidijitali iliyoundwa vizuri inaweza kufichua kipengele kimoja na kuficha vingine, na saini ya mtoaji ikabaki halali.

Msingi wake ni wa zamani kuliko blokucheni. Mwaka 1985 Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff walionyesha kwamba inawezekana kumthibitishia mtu kuwa jambo ni kweli bila kumpa habari nyingine yoyote. Wakati ule ilikuwa nadharia. Leo simu inaweza kumthibitishia mhakiki kwamba tarehe yako ya kuzaliwa iko kabla ya siku fulani bila kuitaja.

Kwangu mimi, hii ndiyo faida kubwa kuliko zote. Tumezoea kusifia mifumo ya utambulisho kwa wingi wa inachojua kuhusu mtu. Ipimwe kwa uchache wa inachokulazimisha kusema.

Je, blokucheni ni ya lazima katika haya yote?

Si lazima. Saini ya kidijitali, pochi na kufichua kipengele kimoja kimoja vyote vinawezekana bila blokucheni. Kiwango cha kimataifa cha leseni ya udereva ndani ya simu, ISO/IEC 18013-5 cha mwaka 2021, hakiihitaji. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2024/1183, inayozitaka nchi wanachama ziwape raia pochi za utambulisho kufikia mwisho wa 2026, haiilazimishi pia.

Pale ambapo mtoaji ni mmoja na kila mtu anamwamini, kwa mfano serikali inayotoa leseni kwa matumizi ya ndani, tovuti ya serikali inatosha kuchapisha ufunguo wake. Blokucheni inaanza kuleta maana pale watoaji wanapokuwa wengi na hawana mkubwa mmoja: vyuo vya nchi nyingi, vyama vya wataalamu, hospitali, mashirika ya misaada. Nani atatunza orodha ya funguo zao? Ukimpa mmoja wao, wengine watamtilia shaka. Ukiipa kampuni binafsi, umeipa uwezo wa kumfuta yeyote. Faida nyingine huonekana taasisi inapokufa. Chuo kikifungwa na tovuti yake ikazimwa, ufunguo uliobaki kwenye daftari la pamoja bado unaweza kuthibitisha shahada zilizotolewa miaka 20 nyuma.

Mtu akikuuzia mfumo kwa neno blokucheni pekee bila kukueleza ni tatizo gani kati ya hayo anatatua, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuna wanaotumia tayari?

Wapo. Mwaka 2017 chuo cha MIT cha Marekani kiliwapa wahitimu 111 wa mwanzo shahada za kidijitali zilizoegemezwa kwenye mtandao wa Bitcoin. Mwaka huohuo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutumia mfumo uitwao Building Blocks katika kambi za wakimbizi wa Syria nchini Jordan: mkimbizi analipia bidhaa dukani kwa kuskaniwa mboni ya jicho, na muamala unaandikwa kwenye blokucheni. Data ya mboni ilikaa kwenye mfumo wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, nje ya blokucheni. Umoja wa Ulaya una mtandao wake wa blokucheni, EBSI, ambao umejaribiwa kwa vyeti vya elimu.

Mfano wa nchi nzima ni Bhutan. Ilizindua kitambulisho chake cha kidijitali cha taifa mwaka 2023 ikitumia teknolojia ya blokucheni iitwayo Hyperledger Indy, baadaye ikahamia kwenye blokucheni ya Polygon, na Oktoba 2025 ikatangaza kuhamia nyingine, Ethereum. Kuhama mara mbili kwa muda mfupi namna hiyo kunafundisha kitu: chagua muundo ambao hati za wananchi hazifi daftari la chini likibadilishwa.

Estonia hutajwa sana, na mara nyingi kimakosa. Vitambulisho vyake, vilivyoanza kutolewa mwaka 2002, vinategemea funguo zilizomo kwenye chipu ya kadi. Teknolojia ya aina ya blokucheni hutumika huko kulinda kumbukumbu za mifumo zisichezewe, nayo ni kazi nyingine.

Nikipoteza simu, nimepoteza utambulisho wangu?

Unapoteza ufunguo, na ukubwa wa maumivu unategemea ulijiandaa vipi.

Hati zenyewe kwa kawaida zinaweza kutolewa upya. Chuo bado kinajua ulihitimu, mamlaka bado inajua una leseni. Unawaendea, unathibitisha wewe ni nani, wanabatilisha hati ya zamani na kukupa mpya iliyofungwa kwa ufunguo mpya. Kwa mtu mwenye hati mbili si tabu kubwa. Kwa mwenye hati 15 kutoka nchi nne ni miezi ya kuzunguka.

Zipo njia za kupunguza. Pochi nyingine hukupa maneno 12 au 24 ya kuandika kwenye karatasi, ambayo kwayo unaweza kurudisha ufunguo kwenye simu mpya. Njia hiyo ina nguvu na ina hatari yake: anayeyapata maneno yale anaweza kujifanya wewe, na hakuna ofisi ya kulalamikia. Usiyapige picha, usiyatume kwa ujumbe, usiyaweke kwenye barua pepe. Pochi nyingine hugawa ufunguo wa kurejesha kwa watu kadhaa unaowaamini, ili watatu kati ya watano, kwa mfano, wakikubaliana waweze kukusaidia, lakini mmoja peke yake asiweze kukugeuka. Nyingine hutunza nakala iliyosimbwa, yaani iliyofichwa kwa msimbo, kwenye seva ya mtoa huduma, jambo linalorahisisha maisha na kumrudisha mtu wa kati uliyetaka kumwepuka.

Hakuna njia kamilifu hapa. Uhuru wa kumiliki ufunguo unakuja na mzigo wa kuutunza, na wanaoutangaza uhuru huo huwa wepesi kuutaja mzigo kwa herufi ndogo. Mzee asiyeona vizuri, au mtu anayeshiriki simu moja na familia, asiachwe peke yake na karatasi ya maneno 24. Mfumo usio na njia ya kibinadamu ya kumrudisha mtu kama huyo haujawa tayari kutumika.

Ukigundua simu haipo, fanya hivi kwa mpangilio: funga laini, ifunge au ifute simu ukiwa mbali kama uliwasha huduma hiyo, kisha wajulishe watoaji wa hati nyeti kwanza, yaani kitambulisho cha taifa na zinazohusu fedha.

Si wanasema blokucheni haidukuliwi?

Daftari lenyewe ni gumu kuchezea likiwa na washiriki wengi wasiojuana. Washambuliaji wanalijua hilo, kwa hiyo hawashughuliki nalo. Wanaiendea simu yako, au programu ya pochi, au chipu. Mwaka 2017 Estonia ililazimika kusimamisha vyeti vya kadi zipatazo 760,000 kwa sababu chipu zilikuwa zikitengeneza funguo dhaifu. Kasoro kama hiyo ingeangusha mfumo wa blokucheni vilevile, kwani wote unategemea ufunguo wa siri ubaki siri.

Cheti cha uongo kikiingia, blokucheni itakigundua?

Hapana. Chuo feki kinaweza kutia saini shahada feki, na saini ikawa sahihi kabisa kihisabati. Ndiyo maana panahitajika orodha ya watoaji wanaotambuliwa, inayosimamiwa na watu wanaowajibika kwa majina yao.

Vipi miradi inayoskani mboni za macho?

Maarufu zaidi ni Worldcoin, iliyozinduliwa Julai 2023 na sasa kuitwa World. Mashine yake hupiga picha ya mboni na kuigeuza kuwa msimbo, ili kuthibitisha kwamba mtu ni binadamu na hajajiandikisha mara mbili. Tatizo linaloshughulikiwa ni la kweli, hasa sasa ambapo programu zinaandika na kuongea kama watu. Ila washiriki walipewa sarafu ya kidijitali kwa kukubali kuskaniwa, na ridhaa inayonunuliwa kwa mtu mwenye shida ni ridhaa yenye walakini. Kenya ilisimamisha shughuli zake Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe. Uhispania iliizuia kwa muda Machi 2024.

Kabla ya kukubali kuskaniwa, na yeyote yule, uliza picha inakaa wapi, nani anaweza kuiona, na ukibadili mawazo inafutwaje. Hutapata jicho jingine.

Mtandao wa blokucheni ukizimwa je?

Hutokea. Sovrin, mtandao uliobuniwa mahususi kwa ajili ya utambulisho na kusimamiwa na taasisi iliyoanzishwa mwaka 2016, ulipangiwa kufungwa ifikapo Machi 2025 baada ya watumiaji wake kuhamia kwingine. Daftari la pamoja linaishi maadamu kuna wanaogharamia kompyuta zake.

Itawasaidia wasio na kitambulisho chochote?

Kwa sehemu ndogo kuliko inavyotangazwa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba watu wapatao milioni 850 hawakuwa na kitambulisho rasmi. Wengi wao wanakosa kitu cha mwanzo kabisa: kuandikishwa walipozaliwa. Hakuna daftari la kidijitali litakalofanya kazi ya msajili aliye mbali au ofisi inayotoza ada isiyolipika. Lengo namba 16.9 la maendeleo endelevu linataka kila mtu awe na utambulisho wa kisheria kufikia 2030, na njia ya huko inaanzia kwa wasajili. Aliyekimbia vita na kuacha makaratasi yakiungua, huyo teknolojia hii inaweza kumfaa sana, mradi hati zake ziliwahi kutolewa kidijitali kabla.

Haili umeme mwingi?

Inategemea mtandao. Ethereum ilipobadili utaratibu wake Septemba 2022 ilipunguza matumizi ya umeme kwa zaidi ya asilimia 99, na mitandao ya utambulisho yenye washiriki wachache wanaojulikana haikuwahi kuwa na tatizo hilo.

Taasisi yetu inataka kuanza. Tumuulize nini anayetuuzia?

Mwombe akuonyeshe, kwenye skrini, kila kitu kinachoandikwa kwenye blokucheni mtu mmoja anaposajiliwa. Asome neno kwa neno. Kisha muulize: mtumiaji akipoteza simu, nani anamrudisha na kwa muda gani? Hati zinafuata viwango vya W3C au ni muundo wenu tu? Mkifunga kampuni kesho, hati zilizotolewa leo zitahakikiwaje? Je, algoriti za saini zinaweza kubadilishwa bila kuanza upya, ikizingatiwa kwamba taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa Agosti 2024 viwango vya kukabiliana na kompyuta za kwantamu, zinazohofiwa kuweza kuvunja saini za sasa?

Halafu jiulizeni wenyewe kuhusu asiye na simu janja. Kanuni ya Ulaya inasema matumizi ya pochi yawe ya hiari, na asiyeitumia asinyimwe huduma. Andikeni hilo kwenye mkataba, na mtenge bajeti ya dirisha la watu wa karatasi kwa muda wote mfumo utakapokuwepo.

Nimepakua pochi leo. Nianze na nini?

Weka namba ya siri tofauti na ile ya kufungulia simu. Kamilisha njia ya kurejesha ufunguo kabla ya kuingiza hati yoyote, na uijaribu kweli. Anza na hati isiyo nyeti, kama cheti cha kozi. Pochi inapokuorodheshea vitu vinavyoombwa, isome orodha yote kabla ya kubonyeza. Ukiona kisichohusiana na huduma unayoitaka, kiondoe, na kama hakiondoki, kataa ombi zima na uulize kwa nini wanakihitaji.